Istilahi za Karata: Wazungu Watatu na Nguva Mmoja

Zimeenea karata za sanaa ambazo wachoraji wake wamezipamba kwa visasili vya bahari: Poseidon na mkuki wake wa ncha tatu, pweza azamishaye merikebu, na mwanamke mwenye mkia wa samaki. Uzuri wa michoro hiyo hatuubishii. Tunalohoji ni Kiswahili cha kuielezea, ambacho wafasiri hukikosea kwa namna mbili.

Kwanza, hufasiri kisichohitaji kufasiriwa. Mfasiri hutazama Kiingereza, akaandika "mioyo", "almasi" na "majembe". Lau angalipita kwenye mabaraza ya Kinondoni au Temeke jioni, angalisikia kopa, uru, shupaza na pau. Maneno hayo, pamoja na karata lenyewe, asili yake ni Kireno, nayo yalitufikia kwa njia ya bahari. Karata zenye picha za watu huitwa wazungu: wa pili ni bibi, wa tatu kijana, wa nne mfalme. Hesabu hiyo inalingana na alama 2, 3 na 4 ambazo karata hizo hupewa katika michezo ya Wareno. Basi mfalme akichorwa kwa sura ya Poseidon, angali mzungu wa nne. Istilahi hutaja kazi ya karata mchezoni, si pambo lake.

Kosa la pili ni zito zaidi. Yule mwanamke wa visasili huitwa "nguva", na baadhi ya kamusi zimeliridhia jambo hilo. Lakini nguva ni mnyama halisi, anyonyeshaye mtoto na kula nyasi za baharini, ambaye wavuvi wa Rufiji na Kilwa wanamfahamu. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250. Mwanafunzi aliyemjua nguva kama kiumbe wa hadithi atamwonea uchungu vipi?

Ni kweli kwamba wanasayansi nao walipoiita oda yake Sirenia walikopa kwa visasili vya Kiyunani. Lakini wao walichukua jina la kisasili wakampa mnyama. Sisi tunamnyang'anya mnyama jina lake.

Twapendekeza mwanamke huyo aitwe samaki-mtu, chunusi abaki kuwa pepo wa majini azamishaye waogaji, na nguva arudishiwe jina lake. Walimu na waandishi wa vitabu vya shule ndio wanaopaswa kutangulia.