Washington ilivyohamisha foleni ya minara

Anayetaka kumjengea shujaa wake mnara wa kumbukumbu jijini Washington huanza kwa kuomba kiwanja palepale wanapopaomba wenzake: National Mall, kati ya jengo la Capitol na mnara wa Lincoln. Mpango wa jiji wa mwaka 1902, uitwao Mpango wa McMillan, uliliacha eneo hilo wazi makusudi, ili jicho litoke upande mmoja hadi wa pili bila kizuizi. Kisha ukaja ukuta wa kumbukumbu ya Vita vya Vietnam mwaka 1982, ukumbusho wa Vita vya Korea mwaka 1995, wa Roosevelt mwaka 1997, na waombaji wakazidi kupanga foleni.

Sheria ya mwaka 1986 iliwawekea masharti. Mnara lazima uidhinishwe na Bunge la Marekani, mtu hajengewi mpaka ipite miaka 25 tangu afariki, na wajenzi huchangia asilimia 10 ya gharama kwa ajili ya matunzo. Masharti hayo yalichelewesha watu tu. Kiwanja walichokitamani kilibaki kilekile.

Mwaka 2001 tume ya mipango ya jiji hilo ilikuja na njia nyingine: orodha ya viwanja 100 nje ya Mall, 20 kati yake vikiwa vya daraja la juu. Wapangaji hawakuokoteza mabaki ya ardhi. Walifuata kingo za mito Potomac na Anacostia, pamoja na barabara za mshazari ambazo L'Enfant, mchoraji wa ramani ya jiji, alizichora mwaka 1791 na ambazo nyingine humalizikia usoni mwa Capitol. Miaka miwili baadaye ndipo Bunge lilipotamka kwamba kitovu cha Mall ni kazi ya sanaa iliyokwisha kukamilika, na kupiga marufuku minara mipya humo. Mpangilio huo wa hatua ndio ufundi wenyewe. Marufuku bila viwanja mbadala ingezaa kesi na manung'uniko.

Mfano mzuri ni ukumbusho wa Eisenhower, uliofunguliwa mwaka 2020. Kiwanja chake, mbele ya Wizara ya Elimu, kilikuwa kimekatwa na Maryland Avenue na hakikuwa na mvuto wowote. Mwaka 2014 tume iliikataa michoro ya msanifu majengo Frank Gehry, mojawapo ya sababu ikiwa mandhari ya Capitol kupitia barabara hiyo. Mapazia mawili ya chuma ya pembeni yaliyokuwa kwenye michoro hiyo yakaondolewa, likabaki moja kubwa nyuma. Kwa hiyo kiwanja cha nje ya Mall hakikugeuka jalala la miradi. Kilisimamiwa kwa ukali uleule. Jeshi la Anga nalo lilipata kilima karibu na Pentagon kwa ajili ya ukumbusho wake, na mihimili yake ya mwaka 2006, mrefu zaidi ukiwa na mita 82 hivi, huonekana kutoka mbali.

Udhaifu uko kwa Bunge lenyewe, maana lililotunga marufuku ndilo linaloweza kutoa msamaha. Desemba 2021 liliruhusu ukumbusho wa vita dhidi ya ugaidi ujengwe ndani ya eneo lililofungwa. Sidharau machungu ya wanajeshi wale na familia zao. Lakini kila msamaha hushusha thamani ya vile viwanja 100, kwa kuwa mwombaji anayefuata atauliza kwa nini yeye apelekwe Anacostia.