Mkimbiaji Aliyebebeshwa Mji: Uhakiki wa Friday Night Lights

Sisi wanafunzi wa fasihi, tukipewa kitabu kinachohusu mtu aliyeshindwa, hukimbilia swali moja: je, mhusika huyu ana udhaifu gani? Tukishaupata, uwe ni kiburi, tamaa au pupa, tunaona kazi imekwisha. Tunaandika hitimisho, tunakusanya karatasi, basi. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, japo lina mahali pake, linatupotosha tunaposoma Friday Night Lights, kitabu cha H. G. Bissinger kilichotoka mwaka 1990. Humo mna kijana aliyetarajiwa kuwa nyota, na nyota hakuwa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kushindwa kwake kulikuwa ndani ya matarajio yenyewe, hata kabla hajaumia.

Najua wapo watakaoguna: kandanda ya Wamarekani inatuhusu nini sisi? Jibu langu ni kwamba kitabu hiki, ingawa ni cha mambo ya kweli, kina mgogoro, kina mandhari na kina wahusika waliochorwa kwa makini kuliko wa riwaya nyingi tunazozisifu. Mwandishi, ambaye ni mwanahabari, alihamia na familia yake katika mji wa Odessa, Texas, mwaka 1988, akaifuata timu ya shule ya sekondari ya Permian kwa msimu mzima. Aliyoyaona huko yanamhusu mtu yeyote aliyewahi kutarajiwa.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, niseme kidogo. Mpira wao una ncha mbili na hubebwa mkononi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine. Mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira nyuma ya wenzake ili apenye katikati ya maadui na kusonga mbele. Mbele yake hupangwa watu watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kusukumana na adui ili kumfungulia mwanya. Watano hao aghalabu hawaugusi mpira, na ni nadra mtangazaji kuwataja. Mwanya ukifunguka, jukwaa humshangilia mkimbiaji. Usipofunguka, jukwaa humlaumu mkimbiaji huyo huyo. Kwa hiyo nafasi hii ina uongo ndani yake tangu mwanzo: kazi ni ya wengi, jina ni la mmoja. Na huyo mmoja ndiye anayeangushwa karibu kila anapoushika mpira, pengine na watu wawili watatu kwa mpigo, wengine wakimrukia magotini.

Mkimbiaji wa Permian mwaka 1988 aliitwa James Miles, maarufu kama Boobie. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho shuleni, na vyuo vikuu vilikuwa vikimwandikia barua za kumbembeleza. Mwezi wa Agosti, msimu haujaanza bado, timu ilikwenda Lubbock kucheza mechi ya majaribio tu, isiyohesabiwa popote. Mguu wake ulinasa kwenye nyasi bandia, goti likaharibika. Baadaye alirudi uwanjani, akakuta nafasi yake ina mwenyewe. Kabla msimu haujakwisha aliiacha timu. Timu, kwa upande wake, iliendelea kushinda hadi ikafika nusu fainali ya jimbo.

Sasa tuyatazame hayo matarajio. Nani aliyatunga? Naona mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni wa mji. Odessa ni mji wa mafuta, na bei ya mafuta iliporomoka katika miaka ya 1980. Watu walipoteza kazi, biashara zikafilisika. Lakini mji huo huo ulikuwa na uwanja, Ratliff Stadium, uliofunguliwa mwaka 1982 na wenye nafasi kwa watazamaji zaidi ya 19,000. Uwanja wa mpira wa watoto wa shule, jamani. Bissinger anatuchorea watu wazima wanaoisubiri Ijumaa usiku kama wagonjwa wanavyoisubiri dawa. Kijana wa miaka 18 akibebeshwa uchumi uliokufa na heshima ya mji mzima, hata kama magoti yake ni ya chuma atafikisha wapi mzigo huo? Hata angekimbia yadi elfu, pipa la mafuta lisingepanda bei hata senti moja.

Mkono wa pili ni wa ami yake, L. V. Miles, aliyemlea. Huyu ndiye mhusika aliyenigusa kuliko wote. Alikulia Texas hiyo hiyo wakati wa ubaguzi, mahali ambapo kijana mweusi hakupewa nafasi ya kuchezea shule ya wazungu. Hamu yake iliyozuiwa akaipanda kwa mtoto huyu. Hakuna ubaya katika pendo lake, na Bissinger hamdhihaki hata mara moja. Lakini msomaji makini ataona kwamba Boobie alikuwa akikimbia mbio mbili kwa miguu miwili tu: yake, na ya mtu mzima ambaye muda wake ulikuwa umeshapita.

Mkono wa tatu ni wa Boobie mwenyewe. Kweli, anajisifu. Anajiona ameshafika kabla hajaondoka. Hapa ndipo wenzangu wanaposimama na kusema: "Si unaona? Kiburi kilimponza." Mimi nakataa. Kiburi hakipasui kano za goti. Tena tujiulize, kiburi hicho alikitoa wapi? Shule haikumdai mengi darasani, maana kilichotakiwa kwake kilikuwa miguuni. Mtoto ukimwambia kila siku kwamba thamani yake ni mbio, ataamini thamani yake ni mbio. Kumlaumu kwa kuamini alichofundishwa ni sawa na kumcheka mwanafunzi aliyejibu mtihani kama mwalimu alivyomwelekeza.

Ushahidi wangu mkubwa ni tashibiha moja iliyomo kitabuni, na haikutungwa na Bissinger. Aliiokota vinywani mwa watu. Baada ya goti kuharibika walikuwepo waliotania kwamba Boobie afanyiwe kama farasi wa mashindano aliyelemaa: apigwe risasi yaishe. Ni utani, watasema. Lakini sisi tunaosoma fasihi tunajua kwamba utani hukiri yale ambayo hotuba huficha. Farasi hana ndoto zilizovunjika, ana mwenyewe aliyepata hasara. Watu hao walikuwa wakilia hasara yao. Na kwa kuwa Boobie alikuwa mweusi katika mji ambao, kama kitabu kinavyoonyesha kwa kirefu, neno la matusi kwa watu weusi lilitamkwa bila haya, tashibiha hiyo inanuka historia ndefu ya watu kuhesabiwa pamoja na mifugo.

Baadhi yetu tumezoea kumlinganisha kila shujaa anayeanguka na Fumo Liyongo. Ulinganisho huo una faida hapa, lakini faida yenyewe iko katika tofauti. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Kitovu kile kilikuwa siri. Ndiyo maana usaliti ulihitajika. Goti la mkimbiaji si siri. Kila aliyekaa jukwaani Odessa alijua kwamba mkimbiaji huvunjika. Makocha walijua, madaktari walijua, vyuo vilivyoandika barua vilijua. Liyongo aliangushwa na watu waliomwogopa. Boobie aliangushwa mbele ya watu waliompenda, wakijua hatari, wakashangilia. Kwa maoni yangu hiyo ni tanzia nzito zaidi, kwa sababu haina msaliti wa kunyooshewa kidole.

Muundo wa kitabu unaiunga mkono hoja hii. Bissinger haanzi na Boobie mzima anayeruka. Katika utangulizi tunamkuta ameshaumia, akijiandaa kwa mechi dhidi ya mahasimu wao, Midland Lee. Ndipo kwa mbinu rejeshi tunarudishwa nyuma kuonyeshwa alivyokuwa. Matokeo yake, kila sifa anayomwagiwa katika sura zinazofuata inatufikia ikiwa imeshachacha. Tunaisoma barua ya sifa tukiwa tunajua goti liko wapi.

Filamu iliyotokana na kitabu hiki, iliyoongozwa na Peter Berg mwaka 2004, imelibadilisha jambo hilo, na nadhani imelipunguzia uzito. Katika filamu Boobie, anayeigizwa na Derek Luke, anaumia katika mechi halisi ambayo Permian wameshaishinda. Anayetakiwa kuingia badala yake haioni kofia yake, basi Boobie anarudishwa uwanjani. Unaona kilichotokea? Mtazamaji amepewa sababu: laiti kofia ingeonekana, laiti kocha angesubiri. Katika kitabu hakuna "laiti". Ni mechi ya majaribio, mguu umenasa, basi. Filamu inatufariji kwamba balaa lingeepukika siku ile, kumbe tatizo halikuwa la siku ile. Hata hivyo nitaitendea haki: Boobie anapolia garini akiwa na ami yake, Derek Luke anafanya kwa sura tupu kile ambacho mwandishi angehitaji kurasa kadhaa kukifanya.

Mtu anaweza kuniuliza: je, asingeumia? Si angetimiza matarajio? Labda. Lakini tumtazame mkimbiaji mwingine, wa enzi ya karibu zaidi, ambaye goti halikumfungia mlango. Trent Richardson aling'ara Chuo Kikuu cha Alabama: mwaka 2011 alikimbia yadi 1,679. Mwaka 2012 klabu ya Cleveland Browns ikamchagua akiwa wa tatu kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni. Msimu wake wa kwanza, akiwa ametoka kupasuliwa goti na baadaye kuumia mbavu, alipata yadi 950. Si haba, lakini ilikuwa wastani wa yadi 3.6 kwa mbio moja, na wapenzi wa mchezo hutaka 4 na zaidi. Septemba 2013 akauzwa kwa Indianapolis Colts. Huko akapata wastani wa yadi 2.9 msimu huo. Machi 2015 akaachwa.

Wapo waliosema hakuwa na jicho la kuuona mwanya, na inawezekana kuna ukweli ndani yake. Lakini Alabama alikimbia nyuma ya ukuta uliokuwa miongoni mwa imara kabisa katika mpira wa vyuo. Matarajio yaliyomfuata yalihesabu yadi zile zote kuwa mali yake binafsi, kana kwamba angesafiri nazo kwenye begi hadi Cleveland. Ukuta haukusafiri. Tunarudi pale pale: kazi ya wengi ilikuwa imeandikwa jina la mmoja, na mmoja huyo alipoachwa peke yake, akaitwa mwongo.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Sauti ya Boobie mwenyewe inatufikia zaidi kama majigambo au hasira. Wengine wanapewa nafasi ya kumfikiri, yeye hapewi nafasi ya kutosha ya kujifikiri. Pia ziko kurasa ambazo Bissinger mwenyewe analewa. Mkimbiaji anapoushika mpira, sentensi zake nazo zinaanza kukimbia, na msomaji anajikuta ameshakaa jukwaani pamoja na wale wale anaofundishwa kuwashuku. Sijui niite hiyo kasoro au ujanja. Mimi ilinishtua, maana nilitambua kwamba nami nilitaka kijana yule akimbie zaidi.

Na ndiyo sababu nimeandika makala haya. Wengi wetu katika kumbi hizi ni watu wa kwanza katika koo zetu kufika chuo kikuu. Mimi ni mmojawapo. Kuna watu wamechanga nauli, kuna shamba limeuzwa, na jina letu linatajwa mazishini na harusini kama mtaji. Matarajio hayo ni pendo, na siombi yafutwe. Ninachoomba kwa wahakiki wenzangu, na kwa walimu wetu pia, ni kwamba siku tukimkuta mtu aliyeshindwa, kitabuni au nje ya kitabu, tusianze na udhaifu wake. Tuanze kwa kuuliza wale watano waliotakiwa kumfungulia mwanya walikuwa wapi, nani alifaidika na mbio zake, na baada ya kuanguka nani alikwenda kumtazama. Anayeona kwamba namtetea mvivu mwenye majivuno, aandike. Toleo lijalo lina nafasi.