1NZ-FE: Ukiielewa Oili Yake, Umeielewa Injini

Fungua boneti ya IST, Probox, Fielder, Runx, Raum au Premio ya cc 1,500 iliyotoka Japani miaka ya 2000, na mara nyingi utakutana na injini ileile: 1NZ-FE. Toyota ilianza kuiweka kwenye magari yake madogo mwaka 1999, baada ya ndugu yake 1NZ-FXE kutangulia kwenye Prius mwaka 1997. Huku kwetu ndiyo inayoendesha teksi nyingi za mtandao za Dar es Salaam, na ndiyo iliyoipa Probox jina kwenye barabara za Kenya.

Mitaani ina sifa mbili zinazopingana. Wengine wanasema haifi, wengine wanasema inakula oili. Wote wako sahihi, kwa sababu sifa hiyo na lawama hiyo zimetokana na uamuzi uleule wa wahandisi: kupunguza uzito na msuguano kadiri inavyowezekana, na kuiachia oili kazi nyingi kuliko injini za zamani zilivyofanya.

Vipimo vyake

Injini ina silinda nne, ujazo wa cc 1,497. Kipenyo cha silinda ni milimita 75.0 na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7. Mwendo ukiwa mrefu kuliko kipenyo, injini huvuta vizuri ikiwa kwenye mizunguko ya chini na ya kati, na ndiyo maana Probox yenye mzigo hupanda mlima bila kulazimika kupiga kelele. Mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Nguvu ni takribani farasi 110 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na gari. Vali ziko 16, kamshafti mbili, na mfumo wa VVT-i uko upande wa vali za kuingiza hewa tu.

Angalia pia namba za bodi kabla ya kuagiza spea. IST ya NCP60 na Probox ya NCP50 zina 2NZ-FE ya cc 1,298. Kipenyo cha silinda ni kilekile cha milimita 75.0, ila mwendo wa pistoni ni mfupi, milimita 73.5. Zenye 1NZ-FE ni NCP61 na NCP51.

Kipimo kingine kinachopitwa haraka ni kiasi cha oili: lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Hicho ni kidogo. Injini ikipoteza lita moja bila mwenyewe kujua, zaidi ya robo ya oili yote imeondoka, na iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi na kuchemka zaidi.

Walivyoipunguzia msuguano

Bloku ni ya alumini, na ndani yake silinda nyembamba za chuma zimefungamanishwa wakati wa kusubu. Mstari wa katikati ya silinda umesogezwa milimita 12 kutoka kwenye mstari wa krenki. Petroli inapolipuka na pistoni kusukumwa chini, konrodi inakuwa imekaribia kusimama wima, hivyo pistoni haikandamizi sana ukuta wa silinda. Ringi nazo ni nyembamba na hazibani kwa nguvu kama za injini za zamani. Faida yake unaiona kituo cha mafuta.

Gharama yake inaonekana baadaye. Silinda ikiliwa, Toyota haitengenezi pistoni za saizi kubwa za kufuata baada ya kuchonga. Injini hii haikukusudiwa kuchongwa. Mafundi wetu huchonga na kuvalisha silinda mpya, na wapo wanaofanya vizuri, lakini hapo unategemea mkono wa mchongaji, maana hakuna kipimo cha kiwanda cha kufuata.

Kwa nini inakula oili

Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu hushika mgandamizo. Ya tatu, ya oili, hukwangua oili ukutani na kuirudisha chini kupitia matundu madogo kwenye pistoni. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa huungua na kuwa kaboni, kaboni huziba matundu, na ringi hunata kwenye mfereji wake. Oili inayobaki ukutani huungua pamoja na petroli. Magari ya miaka ya mwanzo ya injini hii yamelalamikiwa zaidi kwa tatizo hili.

Hapa ndipo wengi hupotezwa na vipimo. Fundi anapima kompresheni, anakuta silinda zote ziko sawa, anasema injini ni nzima. Kompresheni inapima ringi mbili za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imenata kabisa na kipimo kikatoka kizuri. Kinachosema kweli ni dipstiki: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena gari likiwa limesimama sehemu tambarare na injini imepoa.

Moshi nao una lugha yake. Ukitoka wa bluu asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za vali, kwa sababu oili imechuruzika usiku na kukaa juu ya pistoni. Ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu, sili za vali bado ni mtuhumiwa. Ukiendelea kutoka kila unapoongeza mwendo, angalia ringi. Kabla ya kufungua chochote, kagua vali ndogo ya PCV inayorudisha hewa chafu kwenye injini. Ikiziba, presha hupanda ndani na kuisukuma oili kokote penye upenyo.

Cheni na VVT-i

1NZ-FE haina mkanda wa taiming'i. Ina cheni, na cheni hiyo inashikiliwa na kikaza kinachotumia springi na presha ya oili. Oili ikiwa chafu au pungufu, asubuhi utasikia mlio kama wa vikombe vya bati upande wa mkanda wa nje kwa sekunde chache, kisha kimya. Mlio huo ni kikaza kikisubiri oili ifike. Ukianza kudumu hata injini ikipata moto, cheni imerefuka: pini zake zimeliwa, na kikaza kimekaribia mwisho wa mwendo wake.

Kompyuta ya gari huligundua hilo kwa kulinganisha sensa ya krenki na ya kamshafti. Kwenye magari ya zamani hitilafu husomeka P1346, kwenye ya baadaye P0016. Wengi wakiona namba hiyo hukimbilia kununua sensa. Sensa inatoa taarifa ya kweli, ni cheni ndiyo iliyochelewa. Ukipuuza hadi cheni iruke meno, vali na pistoni zinaweza kugongana.

VVT-i nayo inasukumwa na oili. Vali inayoigawa oili hiyo ina chujio dogo lenye matundu membamba sana, limefichwa nyuma ya bolti kwenye silinda hedi. Likiziba, gari linakosa nguvu au mizunguko inayumba likiwa limesimama. Kulisafisha ni kazi ndogo, lakini mara nyingi mwenye gari huuziwa vali nzima.

Usichanganye mlio wa cheni na wa tapeti. Tapeti za injini hii hazijirekebishi zenyewe. Nafasi ya vali ikipimwa injini ikiwa ya baridi inatakiwa iwe milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa moshi. Mlio wake ni mwembamba na haupotei baada ya sekunde chache.

Gari likimisi

Kila plagi ina koili yake. Chomoa koili na uangalie shimo la plagi kabla ya kununua chochote. Ukikuta mpira wa koili umelowa oili, gasketi ya kifuniko cha vali imechoka, na koili mpya itaharibika kama ya zamani. Shimo likiwa kavu, hamishia koili hiyo silinda nyingine: misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Mizunguko ikiwa inapanda na kushuka bila misi, safisha throto kwanza na ukague mipira ya hewa iliyopasuka.

Tunavyoiua wenyewe

Kuna mazoea matatu yanayoitesa injini hii. La kwanza ni kung'oa thermostati ili isichemshe. Thermostati hufungua kwenye nyuzi joto 80 hadi 84. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na petroli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kama gari linachemsha, tafuta sababu: rejeta, feni, pampu ya maji, au maji ya bomba yaliyowekwa badala ya kulanti na kujaza kutu.

La pili ni kumwaga oili kwa kufuata kilomita tu. Teksi inayokaa kwenye foleni na kwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa inatumia zaidi ya saa 330 kufikisha kilomita 5,000. Gari la safari linalokwenda wastani wa 75 linatumia chini ya saa 70. Stika ya gereji inaonyesha namba moja kwa wote wawili, ilhali oili ya teksi imefanya kazi karibu mara tano. Gari la foleni limwage mapema. La tatu ni kuweka oili nzito ili kuficha moshi: huchelewa kufika kwenye kikaza cha cheni asubuhi, huku ringi iliyonata ikibaki vilevile.

Ukishafikia hatua ya kununua injini ya mtumba, usiifunge kwanza na kuisikiliza baadaye. Ikiwa bado iko chini, fungua kifuniko cha oili: chuma cha ndani kikiwa na rangi ya kahawia nyepesi inakubalika, kikiwa na tope jeusi iache. Ukiichukua, badilisha sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya kifuniko cha vali, pampu ya maji na thermostati kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu sili ya krenki ikianza kuvuja baadaye utalipia tena kushusha gia boksi.