Walimu wa mtaani: yoga ya Nairobi ikitazamwa kutoka Lubumbashi

Mwaka 2006 Mmarekani Paige Elenson, mwalimu wa yoga, alikuwa matembezini Kenya na familia yake alipowaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono. Akajiunga nao. Mwaka 2007, akishirikiana na mwalimu wake Baron Baptiste, akaanzisha Africa Yoga Project jijini Nairobi. Kisa hicho husimuliwa kama bahati njema. Mimi navutiwa zaidi na mpangilio uliofuata, maana sisi wa Lubumbashi tunaweza kuufuata.

Mwanasarakasi anapoanza yoga, mabega yake yameshazoea uzito. Anachodaiwa ni utulivu: akae katika mkao mmoja kwa pumzi tano, akivuta na kutoa hewa kwa pua bila haraka. Mtu wa Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, anayeshinda kutwa kwenye usukani wa teksi huanzia kwingine kabisa, na mwili wake unataka mafunzo mengine.

Tuchukue mkao unaowatesa wengi: viganja na nyayo chini, nyonga juu, mwili ukifanya pembe. Anayeanza hukazania visigino viguse sakafu. Kwa kuwa misuli ya nyuma ya mapaja imekakamaa, mgongo hupinda, uzito huangukia viganja, na kesho yake vifundo vya mikono vinauma. Akunje magoti. Atandaze vidole, aisukume sakafu, nyonga zirudi nyuma mpaka mgongo unyooke. Visigino vitashuka taratibu, na visiposhuka hakuna kilichoharibika. Pumzi ikianza kukatika, apige magoti, akalie visigino, paji la uso liguse chini, angoje. Pumzi ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko kioo.

Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu ni za baridi, kwa hiyo mwili upashwe moto kwanza, tena ndani ya nyumba, mbali na vumbi la kiangazi. Sakafu ya saruji iliyofagiwa, miguu mitupu na kikwembe kilichokunjwa chini ya magoti vinatosha. Mkeka unaoteleza ni hatari. Na bukari, ugali wetu, iliwe mapema: saa mbili au tatu zipite kabla ya kuinama.

Lakini nani atamwona anayekosea? Hapo ndipo mradi wa Nairobi ulipofanya kazi yake nzito. Vijana wa mitaani walifunzwa kuwa walimu, kisha wakalipwa kufundisha bure watu wa mitaa yao, Kibera ikiwemo, na hata wanawake waliofungwa Lang'ata. Malipo hayo naona ndiyo uti wa mgongo wa mradi. Mwalimu anayelipwa anaweza kurudi wiki ijayo, akakuta magoti yaleyale na kuyasahihisha tena. Anayejitolea bila chochote, akipata kibarua, darasa linakufa, hata awe na moyo kiasi gani.

Video ya Kifaransa kwenye simu haiuoni mgongo wako. Kijana wa jirani anauona, naye atakuelekeza kwa Kiswahili chetu. Vijana wenye mwili uliofunzwa tayari tunao, katika judo, karate na dansi. Anayetaka kufungua darasa Kamalondo au komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, atafute fedha za kuwalipa hao kabla ya kununua mikeka.