Muyaka jukwaani kwa sauti tupu

Msimu wa baridi uliopita tulialikwa kutazama mchezo wa kuimba uliotungwa na vijana wa jamii yetu hapa London kutokana na Diwani ya Muyaka. Vijana wanane, wa kike na wa kiume, walisimama jukwaani muda wa saa moja na nusu bila ya udi, bila ya fidla, hata dufu hapana. Kila kilichosikika kilitoka kooni mwao. Baadhi ya wazee wenzetu waliondoka wakinung'unika kwamba maneno ya wahenga yamefanywa tamasha. Wengine walitoka wakifuta machozi. Sisi hatukuwa upande wa hawa wala wa wale. Tunaona kazi hii inastahiki kupimwa kwa uadilifu.

Tuanze na kitabu chenyewe. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake hayakukusanywa naye. Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo Mwalimu Sikujua na mmishionari William Taylor walipoyakusanya na kuyaandika, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji. Karatasi za Taylor zimo humu humu London, katika maktaba ya SOAS. Kwa hivyo kile tunachokiita kitabu kilikuwa sauti kwa zaidi ya kizazi kizima kabla ya kuwa wino. Wazee wa Mvita waliyahifadhi kwa kuyaimba na kuyaghani.

Ndiyo maana tunasema vijana hawakukosea kuacha ala. Waliolalamika wamesahau kwamba watoto wa nyumba zetu walisikia tenzi kwa sauti ya bibi peke yake, na maulidi ya Barzanji kwa msomaji mmoja na waitikiaji wake. Sauti tupu si ubunifu wa Ulaya ulioletwa kwetu. Ni ada yetu tuliyoiacha wenyewe tulipozoea vipaza sauti na vinanda.

Kasoro iko pengine. Mtunzi wa muziki amewapangia waimbaji sauti nne zinazopandana kama katika kwaya za makanisa ya Uingereza. Ni nzuri sikioni, lakini maneno yamezama. Shairi la Muyaka lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawika nane kwa nane. Pale katikati, penye kina cha kwanza, ndipo msikilizaji anapopumua na kufahamu. Muziki huu umevuka kituo hicho mara nyingi kama kwamba hakipo. Aidha, Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama maana huweza kuhama nao: neno barabara kwa mkazo mmoja ni njia, na kwa mkazo mwingine ni sawasawa. Tulisikia maneno yaliyovutwa mwishoni kwa ajili ya noti, na mjukuu wetu, aliyezaliwa hapa, akatuuliza mara kwa mara, "Babu, wamesemaje?" Mahadhi ya zamani yaliundwa ili mtu asiulize swali hilo.

La pili ni uzi wa hadithi. Mkusanyo wa mashairi hauna kisa, na kila anayeupeleka jukwaani hulazimika kukitafuta. Waliotengeneza Cats mwaka 1981 kutokana na mashairi ya paka ya T. S. Eliot, yaliyotoka mwaka 1939, walikutana na shida hiyo hiyo. Waliikusanya jamii ya paka usiku mmoja, na mhusika wao mkuu wakampata katika kipande ambacho Eliot mwenyewe hakukichapa kitabuni. Vijana wetu wamechagua kisa cha mapenzi: Muyaka kijana, Muyaka mume, Muyaka mzee. Mashairi mengi hayakuja na tarehe, na kuyapanga kama umri wa mtu ni kubuni maisha ambayo hatuna ushahidi wake.

La tatu ndilo lililotukaa moyoni zaidi. Katika mchezo, Wamazrui wameoneshwa kama wenyeji na Sayyid Said bin Sultan kama mgeni anayetoka baharini. Ukumbi ule ulikuwa na jamaa wa pande zote mbili, na tuliona nyuso zikibadilika. Taarikhi haikuwa hivyo. Wamazrui pia asili yao ni Oman. Ulikuwa ugomvi wa nyumba mbili zenye nasaba ya nchi moja, na Waswahili walikuwamo kila upande, mpaka Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837. Muyaka alikuwa na mji wake na watawala wake. Hakuwa akipigana vita vya wenyeji na wageni. Sisi tuliotawanyika Maskati, London na kwengineko tumeumizwa vya kutosha na hadithi hiyo ya mwenyeji na mgeni. Isiwe sisi wenyewe tunaowafundisha watoto wetu kuiimba.

Hata hivyo, dakika kumi za mchezo huu hatutazisahau. Msichana mmoja alisimama kulia akaimba shairi la Muyaka peke yake, na mvulana akamjibu kutoka kushoto kwa shairi la mshairi wa Lamu, kwa mizani na vina vile vile. Waliobaki waliitikia kituo tu. Kila neno lilisikika, na ukumbi ukacheka panapochekwa na ukanyamaza panapouma. Uzi uliokuwa ukitafutwa ulikuwa hapo: majibizano. Miji ilikuwa ikisemezana kwa mashairi hata ilipokuwa ikipigana.

Tunawaomba vijana wasivunjike moyo, bali wairudie kazi yao. Wajenge mchezo mzima juu ya majibizano, wapunguze sauti nne ziwe mwimbaji na waitikiaji, na kabla ya hayo wende kwa mabibi waliobaki wakawarikodi mahadhi. Karatasi za Taylor zitakuwapo maktabani hata mwakani. Mabibi hatuna hakika nao.