Maji Yalishamaliza Kazi, Wembe wa Nini?

Sote tulikiona kile kipindi cha asubuhi cha televisheni kilichofundisha kutunza miguu, na ambaye hakukiona ameshatumiwa kipande chake kwenye simu: mtangazaji anatoa mguu kwenye beseni, anaufuta kwa taulo, kisha mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye wembe. Kazi nzuri yote iliharibikia hapo. Wapo wanaosema ni jambo dogo, mradi kisigino kilitoka laini. Mimi nasema lilikuwa kosa la wazi, tena kosa linaloigwa majumbani mpaka sasa.

Tuitazame ngozi ilivyokuwa wakati ule. Mguu ulikuwa umeshakaa kwenye maji ya uvuguvugu kama robo saa. Tabaka la juu la unyayo likinywa maji kiasi hicho huvimba, huwa jeupe na kulainika, na sugu iliyokufa hufanana na ngozi hai iliyo chini yake. Mpaka kati ya hizo mbili hauonekani kwa jicho wala hausikiki kwa kidole. Wembe nao hauna breki. Unaingia pale penye ulaini bila kukupa dalili yoyote, na maumivu yakija ya kukuzuia, umeshapita. Ongezeni mkao wake: mgongo umepinda, mguu juu ya goti, kisigino kimegeukia nje. Sehemu aliyokuwa akiikata alikuwa haioni vizuri. Mchuaji yeyote mwenye uzoefu angemshika mkono.

Sasa tuseme hakujikata. Bado uamuzi ule ulikuwa mbovu kwa sababu hautibu magaga. Unyayo hauna tezi za mafuta, kwa hiyo hukauka upesi, hasa kwa sisi tunaoshinda na ndala. Ukisimama, ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino hutanuka pembeni. Ngozi ngumu na kavu iliyouzunguka ikishindwa kunyumbuka, inapasuka. Tatizo ni unyumbufu kupotea, na wembe haurudishi unyumbufu. Unachoacha ni ngazi ngazi zenye kingo kali, na kingo hizo ndizo zinazonasa kwenye shuka na kuanzisha ufa mpya. Jiwe la kusugulia miguu hufanya kinyume chake: hula kidogo kidogo, husawazisha, na likikaribia ngozi hai unalisikia linawasha, nawe unaacha.

Na tukisema alijikata? Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na mguu ndio unaokanyaga udongo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na nyumba ngapi zina wembe mmoja unaozunguka kwa watu watatu? Halafu yuko mtazamaji mwenye kisukari, ambaye miguu yake imeingia ganzi. Huyo hashauriwi hata kuiloweka, maana anaweza kuungua bila kujua, na jeraha dogo la kisigino linaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu. Sentensi moja ya kumtahadharisha haikutamkwa, ilhali muda wa kumshukuru mdhamini ulipatikana mara mbili.

Nimeshaandika hapa, na nitaendelea kuandika, kwamba mafundi wa kazi hii tulikuwa nao. Makungwi na masomo wa pwani walimwandaa biharusi kwa kusinga, wakachua kwa mafuta ya nazi, na nyayo wakazisugua kwa jiwe lenye vitundu. Bara walitumia gunzi la mahindi na dodoki, vitu visivyokata. Yatazameni mabafu ya Kidichi kule Unguja, aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Utaratibu wa hamamu unajulikana: joto kwanza, kisha kusugua kwa kitambaa cha kukwaruza, mafuta mwishoni. Mafundi hao wote walikuwa mabingwa, na ubingwa wao ulikuwa katika kujua wapi pa kusimamisha mkono. Leo tunafundishwa na watu wanaotaka kumaliza kabla ya matangazo ya biashara.

Na lile limau! Nimelipigia kelele miaka yote, na bado linakamuliwa kwenye beseni kana kwamba ni lazima. Kwenye kisigino chenye nyufa linachoma tu. Likibaki juu ya mguu, ukatoka na ndala juani, linaweza kukuunguza hadi malengelenge. Maji na sabuni laini vinatosha kabisa.

Haki yake nampa. Alipima joto la maji kwa kiwiko, alikausha katikati ya vidole ili kuzuia fangasi, na alipaka mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevu, kisha akavaa soksi za pamba.

Basi kilichotakiwa ni hiki. Mguu utoke majini baada ya dakika 10 hadi 15. Jiwe lipite kwa mwelekeo mmoja, mara chache, liachwe sugu ingali ipo. Mafuta, soksi, kulala. Kesho tena mafuta. Jiwe lisubiri siku kadhaa. Gaga lenye ufa mzito lipewe krimu yenye yurea, na likitoa damu au usaha lipelekwe zahanati. Ngozi ya juu huchukua takriban wiki nne kujibadilisha, na hakuna kifaa kinachoifupisha safari hiyo hadi kipindi kimoja cha televisheni. Kituo kile kina wajibu wa kurudi hewani na kuwaambia watazamaji waziwazi kwamba wembe haukai kwenye kisigino. Kama hakitafanya hivyo, kiwaachie mafunzo ya miguu wenye subira nayo.