RAM Imepotea Wapi? Uhakiki wa Mashahidi Watatu wa Linux

Amri ya kwanza anayofundishwa karibu kila anayeanza Linux, akitaka kujua RAM ya mashine yake, ni `free -h`. Ni fupi na inajibu papo hapo. Lakini kwa mtu mwenye laptopu ya zamani inayoonyesha nusu tu ya RAM iliyomo ndani, hiyo ndiyo amri mbaya kuliko zote za kuanzia. Makala hii inaeleza kwa nini, na nini kifanyike badala yake.

Suala hili si la wapenda kompyuta peke yao. Kuanzia Tegeta na Mwenge hadi Tandika na Mbagala, wanafunzi wengi wanasomea kwenye laptopu za mtumba. Mtu ananunua mashine yenye umri wa miaka kumi au zaidi, anaweka Linux kwa kuwa ni bure na nyepesi, halafu anajinyima na kuongeza kijiti cha RAM cha GB 4 ili zifike 8. Anawasha, `free` inamwambia 3.7. Akiuliza mtaani, jibu ni lile lile: RAM imekufa, nunua nyingine. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia si kweli, na hela ya kijiti cha pili itapotelea pale pale ilipopotelea ya kwanza. Kwa hiyo kipimo chetu katika uhakiki huu ni kimoja tu: je, amri hii inamsaidia mtu kuamua anunue au asinunue?

Namba inapita mikono mitatu

Kila kijiti cha RAM kina chipu ndogo pembeni iliyobeba maelezo yake: ukubwa, kasi, volti. Ukiwasha mashine, BIOS husoma maelezo hayo, huiamsha RAM, kisha huchora ramani inayosema: kuanzia anwani hii hadi hii unaweza kutumia, kuanzia hapa hadi pale usiguse. Ramani hiyo hukabidhiwa kerneli, yaani kiini cha Linux. Kerneli nayo hukata sehemu yake, na kinachobaki ndicho programu zako zinakiona.

Maana yake RAM inaweza kupotelea sehemu tatu. Moja, BIOS haikukiona kijiti. Mbili, BIOS imekiona lakini haikukiingiza chote kwenye ramani. Tatu, ramani iko sawa, ila kerneli haiwezi kuitumia yote au imekatazwa. Tiba zake hazifanani hata kidogo. La kwanza linataka bisibisi na pengine hela. La pili huenda halina dawa kabisa. La tatu linatibika bure, bila kufungua hata skrubu moja.

Shahidi wa kwanza: free

`free` huchukua takwimu zake kwenye faili la `/proc/meminfo`, ambayo ni hesabu ya kerneli yenyewe. Yaani inasimama mwisho kabisa wa safari. Inajua kilichofika, haijui kilichopotea njiani. Halafu safu yake ya kwanza inaitwa "total", neno linalomfanya msomaji aamini anaangalia jumla ya RAM iliyomo ndani ya mashine. Si kweli. Ni jumla ya kilichobaki baada ya BIOS, chipu ya picha na kerneli kuchukua chao.

Ndiyo maana laptopu nzima kabisa ya GB 8 huonyesha kama 7.6 au 7.7. Wengine husema ni mchezo ule ule wa diski, ambapo muuzaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hapana. RAM ya GB 8 kweli ina baiti 8,589,934,592, hakuna aliyepunja. Kilichokosekana kimewekwa akiba kwa kazi nyingine, na huo si ugonjwa.

Tuwe wa haki. Wanaotunza `free` wanasikiliza. Mwaka 2014 waliongeza safu ya "available", baada ya miaka mingi ya watumiaji kushtuka wakiona RAM iliyo tupu ni kiduchu, kumbe Linux huitumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi mafaili kwa muda ili yafunguke haraka, na huiachia ikihitajika. Safu moja iliondoa hofu nyingi. Neno "total" linastahili matengenezo ya aina hiyo hiyo.

Shahidi wa pili: dmidecode

Huyu anaitwa hivi: `sudo dmidecode -t memory`. Anakuorodheshea kila sloti, na kijiti kilichomo au kutokuwepo kwake. Kama una vijiti viwili ndani na yeye anasema sloti moja haina kitu, umeshajua tatizo liko kabla ya Linux. Kuweka mfumo endeshi upya hakutasaidia chochote, hata ukiambiwa vipi.

Kasoro yake ni ya mwonekano. Ukimsoma unadhani ameingia ndani ya mashine na kukagua kwa macho. Ukweli ni kwamba anasoma jedwali lililojazwa na BIOS, basi. BIOS ikiandika uongo, naye atausoma uongo kwa sauti ile ile ya kujiamini. Mwongozo wake mwenyewe unakiri waziwazi kuwa taarifa za majedwali hayo mara nyingi si sahihi au hazijakamilika. Onyo hilo lilipaswa kuwa juu ya majibu, si chini ya kurasa ambazo hakuna anayezifikia. Hasa mstari wa "Maximum Capacity", unaodai kutaja kiwango cha juu ambacho mashine inabeba, usiutumie peke yake kuamua ununue nini. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako.

Shahidi wa tatu: shajara ya kerneli

Andika `sudo dmesg | grep -i e820`. Utaona ile ramani ya BIOS kama kerneli ilivyoipokea. Kwa ushahidi, huyu ndiye bora kuliko wote. Kwa mawasiliano, ndiye mbovu kuliko wote. Hata jina e820 ni namba tu ya huduma ya BIOS iliyokuwa ikiitwa kuomba ramani hiyo. Anwani zimeandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, na hakuna mstari wa jumla chini yake.

Lakini kuna alama moja ukiijua umemaliza nusu ya kazi: `0x100000000`, yaani moja ikifuatiwa na sifuri nane. Hapo ndipo mpaka wa GB 4. Laptopu ya GB 8 inatakiwa iwe na mstari unaoanzia hapo na kuishia na neno "usable". Ukiwepo na una ukubwa wa kutosha, BIOS imefanya kazi yake na lawama zinahamia kwa kerneli. Usipokuwepo, huku `dmidecode` ikiviona vijiti vyote viwili, tatizo ni la ramani.

Kwa nini GB 4 iwe mpaka? Kumbuka zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, nyumba zilipowekewa namba na mitaa vibao. Chukulia mtaa wenye vibao vya tarakimu mbili tu. Nyumba ya mia na moja ipo, watu wanaishi, ila haina namba, kwa hiyo mpeleka mizigo hawezi kuitaja. Anwani ya biti 32 ina uwezekano wa namba 4,294,967,296, na kila namba ni baiti moja. Hizo ni GB 4 kamili. Tena si zote za RAM, kwa sababu chipu ya picha na vifaa vingine navyo vinahitaji anwani katika mtaa huo huo. Ndiyo maana mashine za aina hii huishia kuonyesha GB 3 na ushee, si 4.

Mfano unaojulikana sana ni ThinkPad T60, laptopu ya mwaka 2006. Inapokea vijiti viwili vya GB 2, lakini mfumo unaona kama GB 3 tu, kwa kuwa chipu za Intel 945 zilizomo haziwezi kuihamishia RAM iliyofunikwa juu ya mpaka. Hata ukiweka Linux ya biti 64, hali ni ile ile. Fundi atakayekuuzia RAM nyingine kwa tatizo hili anakuuzia nyumba nyingine isiyo na namba.

Ushauri wa "mashine ya zamani, weka biti 32"

Huu ni ushauri wa mtaani unaostahili kukosolewa kuliko amri zote. Ulikuwa na mantiki zamani. Leo unasababisha tatizo lile lile tunalolitafuta. Laptopu nyingi zinazoitwa za zamani hapa mjini zina prosesa za biti 64: Core 2 Duo za mwaka 2006 tayari zilikuwa nazo. Ukiipa mashine ya GB 8 kerneli ya biti 32 isiyo na PAE, ule ufundi wa kupanua anwani ulioanza na Pentium Pro mwaka 1995, umeifungia kwenye mtaa wa tarakimu mbili kwa mikono yako mwenyewe.

Kuangalia ni sekunde chache. `uname -m` ikijibu i686, kerneli yako ni ya biti 32. `lscpu` ikitaja 64-bit kwenye mstari wa op-mode, prosesa yako inaweza zaidi. Weka Linux ya biti 64, RAM inarudi bila hela. Na kuna sababu ya pili ya kuhama: Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32 kwa kompyuta za kawaida. Ukiwa hapo hapo, andika `cat /proc/cmdline`. Ukikuta `mem=` ikifuatiwa na namba, kuna mtu alishawahi kuiamuru kerneli isivuke kiwango hicho. Futa agizo hilo kwenye mipangilio ya GRUB.

Ukifika kwenye bisibisi

Ikiwa mashahidi wanakubaliana kwamba kijiti hakionekani, sasa fungua. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Gusa chuma chochote kwanza ili umeme tuli ulio mwilini usiende kwenye chipu.

Kosa la kawaida mtaani ni kufanya mambo matatu kwa mpigo: fundi anasafisha sloti, anabadilisha kijiti, anaweka BIOS upya, mashine inapona, anatangaza RAM ilikuwa mbovu. Amejuaje? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vijiti ni viwili, sloti ni mbili, majaribio ni manne: A kwenye sloti ya kwanza, A ya pili, B ya kwanza, B ya pili, kila kimoja kikiwa peke yake. Kijiti B kikikataa kote na A kikikubali kote, B ni mbovu au hakiendani na mashine. Vyote vikikataa sloti ya pili, tatizo ni sloti, au ubao mkuu ambao mafundi wanauita mazabodi, au prosesa. RAM mpya haitaponya hapo.

Kabla ya kuhukumu, kichomeke upya kila kijiti hadi vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe, na ufute miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa safi chenye alkoholi, ukaushe. Vumbi na unyevu wa pwani yetu vinatosha kuharibu mguso. Soma na volti: laptopu nyingi za kuanzia 2013 zinataka DDR3L ya volti 1.35, na kijiti cha DDR3 cha volti 1.5 kinaweza kisionekane ingawa ni kizima. Hicho mrudishie muuzaji, usikitupe. Kijiti kikishaonekana, kiache Memtest86+ ikipime usiku kucha, maana kuonekana si kuwa salama.

Hukumu

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ile ilikuwa kazi kubwa, na ilithibitisha kuwa menyu za kompyuta zinaweza kusema lugha yetu. Lakini mtu hahitaji msaada zaidi akiwa anaandika barua. Anauhitaji mashine inapokataa, na hapo bado tunamwacha na maneno yanayogongana. Dukani "memori" ni kadi ya simu, darasani "kumbukumbu" ni RAM, na mteja akisema memori haitoshi, fundi anabaki kubahatisha.

Hatuombi shajara ya kerneli itafsiriwe. Ujumbe wake ukiwa wa aina moja duniani kote, ni rahisi kuutafutia majibu. Tunachodai ni kidogo zaidi: amri moja inayoweka namba tatu pamoja, iliyoonwa na BIOS, iliyo kwenye ramani, na iliyobaki kwa programu, ikiwa na sentensi moja ya Kiswahili inayosema imepungulia wapi. Taarifa zote tayari zipo ndani ya mashine. Kuzikusanya ni kazi ya skripti fupi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika wikiendi moja.

Mpaka hapo itakapoandikwa, ukienda kwa fundi usimwambie "RAM haisomi". Mwambie namba tatu. Asipoweza kukueleza imepotelea kati ya ipi na ipi, usitoe hela.